Jicho la Seremala Ndani ya Kasri

Anayekaa Eringeti huona mbao kila siku. Zinatoka msituni zikiwa zimepasuliwa kwa tronsoneze, yaani msumeno wa mashine, zinapangwa kando ya barabara ya taifa namba 4, kisha malori huzibeba kwenda Beni na Butembo. Nyingine huvuka mpaka pale Kasindi zikaishia Kampala au Nairobi. Mtu aliyekulia kando ya barabara hiyo hutambua ubao mbichi kwa uzito wake begani, hutambua mvule kwa rangi yake, na hujua ubao utakaopinda kabla haujaanza kupinda. Mara nyingi hudhani ujuzi huo una faida sokoni tu. Kumbe ndio nusu ya ujuzi anaouhitaji mtu anayeingia kasri la Ufaransa, au jumba la sultani kule Unguja, akataka kujua kama anachokitazama ni kazi bora au ni fedha nyingi tu.

Mambo hayo mawili si mamoja. Fedha hununua marumaru, vioo na dhahabu kwa siku moja. Kazi bora hudai mbao zilizosubiriwa zikauke, chokaa iliyosubiriwa ikomae, na fundi asiyefichama nyuma ya rangi. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni moja, na yaliyobaki ni namna ya kuitumia: usilipime jumba pale mwenyewe alipotaka mgeni atazame; lipime pale alipodhani mgeni hatatazama.

Eringeti yenyewe haina kasri la mawe. Lakini vita vya miaka hii vimewafanya watu wengi wa Beni kuwa wasafiri bila kupenda. Wako Kampala, Nakuru, Mombasa, Paris na Brussels, na siku ya mapumziko wengine hukata tiketi ya kuingia majumba ya kale. Mwongozo huu ni wao, na ni wa yeyote aliyebaki nyumbani akiwa na randa mkononi.

Uliza kwanza: vitu hivi vimekuwa hapa tangu lini?

Kosa la kwanza la mgeni ni kudhani kwamba kila kilichomo ndani ya kasri kilizaliwa humo. Makasri mengi ya Ufaransa yalipoteza samani zake wakati wa Mapinduzi ya mwaka 1789 na miaka iliyofuata, zilipouzwa kwa mnada. Na hata kabla ya hapo wafalme walihama na vitu vyao. Chambord, lililoanzwa mwaka 1519 kwa amri ya mfalme François I, ni kubwa kupita kiasi, lakini mfalme huyo hakulala humo hata miezi mitatu ukijumlisha safari zake zote. Alipokuja, vitanda, mazulia ya ukutani na meza vilikuja naye juu ya magari ya farasi. Alipoondoka, vyumba vilibaki vitupu. Kwa hiyo anayekwenda Chambord kutazama viti amekosea njia. Pale kitazamwe kilichoshindikana kubebwa: mawe, ngazi, madari ya mawe yaliyochongwa.

Cheverny, lisilo mbali na hapo, ni kinyume chake. Shamba hilo limekuwa mikononi mwa ukoo uleule kwa zaidi ya karne sita, isipokuwa vipindi vifupi, na jumba linaloonekana leo ni la karne ya 17. Lilifunguliwa kwa wageni mwaka 1922. Humo samani zina haki ya kutazamwa kama sehemu ya nyumba, kwa sababu watu waliendelea kuzitumia. Wasomaji wa Tintin watalitambua hata kabla ya kushuka kwenye gari: mchoraji wake, Hergé, alichora jumba la Moulinsart kwa kulitazama Cheverny, akayaondoa mabawa yake mawili ya pembeni.

Afrika Mashariki swali ni lilelile. Pale Ngata, karibu na Njoro nchini Kenya, liko jumba la mawe ambalo Maurice Egerton, mlowezi na lodi wa Kiingereza, alilijenga kati ya mwaka 1938 na 1954. Vita vya pili vya dunia vilikatiza kazi. Lina vyumba 52, na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba. Mwenyewe hakuoa, akafariki mwaka 1958 bila mrithi, na leo jumba liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton. Wageni wengi husimuliwa kisa cha mwanamke aliyelikataa jumba. Kisikilize, ni kitamu, kisha umrudishe mwongoza wageni kwenye kazi: jiwe hili lilichongwa na nani, mbao hizi zililetwa kutoka wapi, kipi kati ya vilivyomo kilikuwa cha mwenye nyumba na kipi kiliingizwa baadaye ili chumba kisionekane kitupu? Mwongoza wageni mzuri hufurahia maswali hayo. Asiyeyajua atarudi kwenye kisa cha mwanamke.

Ukuta: tafuta mahali unapolia

Anza chini, pale ukuta unapokutana na sakafu, hasa katika pembe isiyopigwa na jua. Hapo ndipo maji ya ardhini hupanda. Ukuta wenye afya ni mkavu au una doa hafifu tu. Ukuta mgonjwa una unga mweupe wa chumvi, lipu iliyovimba, na harufu ya ghala lililofungwa msimu wote wa mvua.

Makasri ya bonde la mto Loire yamejengwa kwa jiwe jeupe laini liitwalo tuffeau. Ni jiwe linalokatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa urahisi, ndiyo maana madirisha na mabomba ya moshi ya Chambord na Azay-le-Rideau yamejaa nakshi. Lakini jiwe hilo hunywa maji. Likifungwa kwa chokaa, maji huingia na kutoka, nalo hudumu karne nyingi. Likipakwa saruji, maji hukosa njia ya kutoka, jiwe hulainika nyuma ya saruji na uso wake kubanduka.

Sasa nenda Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja. Kuta za nyumba za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo kwenye tanuri la magogo. Kanuni ni ileile, na ugonjwa ni uleule: nyumba iliyopakwa saruji kwa nia njema huanza kuoza ndani huku nje ikionekana mpya. Mtazamaji mzoefu akiona ukuta wa kale ulionyooka kabisa, mgumu na wa kijivu, hapongezi. Ukuta wa chokaa una mawimbi madogo, na kingo zake ni laini kidogo. Usimame sambamba nao, uache mwanga wa dirisha uupite kwa ubavu, na mkono wa mwashi utajionyesha wenyewe.

Kwa mawe ya kuchonga, kama ya Ngata, tazama viungo. Fundi mzuri hupata mstari mwembamba wa udongo unaolingana kutoka chini hadi juu, na kwenye pembe za jumba mawe hupishana, la chini likiwa refu upande huu na la juu likiwa refu upande ule. Fundi mvivu huziba kwa udongo mnene pale mawe yasipokutana, akitumaini mmea utatambaa na kumsitiri.

Mbao: hapa ndipo utakapojua zaidi ya mwenyeji wako

Karibu kila chumba kikuu cha kasri la Ufaransa kimevishwa mbao ukutani, tangu sakafuni hadi kiunoni, au hadi kwenye dari. Mgeni wa kawaida hutazama rangi na dhahabu iliyopakwa juu yake. Wewe tazama jinsi zilivyoungwa.

Mbao hazifi baada ya kukatwa. Hupanuka hewa inapojaa unyevu na kusinyaa inapokauka, kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Maseremala wa zamani walilijua hilo, wakabuni fremu yenye bao la kati. Miimo ya pembeni na vipande vya juu na chini huunganishwa kwa ulimi na tundu, kisha kiungo hukazwa kwa kijiti cha mti kinachopita katikati. Bao la kati huchomekwa ndani ya mfereji wa fremu bila gundi wala msumari, ili liweze kupanuka na kusinyaa. Fundi aliyeligundisha bao hilo ili kuokoa muda amelihukumu: litapasuka katikati. Kwa hiyo ukiona ufa mrefu katikati ya bao, fremu yake ikiwa nzima, umeikuta haraka ya mtu. Ukiona mstari mwembamba usiopakwa rangi pembeni mwa bao, usiudharau. Bao limesinyaa, limetoka kidogo mferejini na kuonyesha sehemu ambayo brashi haikuifikia. Hiyo ni dalili ya kazi iliyofanywa sawasawa.

Tafuta pia vile vijiti. Vikiwa vimejitokeza unywele mmoja juu ya uso, na si mviringo kamili, ni vya mkono na vya siku nyingi. Tazama nyuma ya mlango ulioachwa wazi, au ndani ya kabati la ukutani: upande usioonekana, randa haikupita kwa uangalifu uleule, na alama za msumeno hubaki. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka yenye nafasi zisizolingana. Msumeno wa duara wa kiwanda huacha mikunjo kama upinde. Tronsoneze, ambayo huna haja ya kuelezwa, huacha makovu mapana. Chumba kinachodaiwa kuwa cha karne ya 17 kikionyesha alama za upinde nyuma ya ubao, ubao huo umezaliwa juzi.

Katika Fontainebleau, ukumbi mrefu wa François I, uliopambwa katika miaka ya 1530, una mbao za mjozi chini na mapambo ya lipu iliyochongwa juu. Wengi hutazama juu tu, walikochora na kuchonga Rosso Fiorentino na wenzake kutoka Italia. Shusha macho. Seremala wa mbao zile, Scibec de Carpi, naye alitoka Italia, na nakshi zake zinastahili kutazamwa kwa karibu.

Milango ya pwani yetu ni shule nyingine. Mlango wa Unguja au Lamu una miimo miwili, kizingiti, bao la juu lililochongwa, na mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa wa katikati. Mingi ilitengenezwa kwa msaji ulioletwa kutoka India, kwa mfenesi, na kwa mvule, mti uleule unaopita Eringeti juu ya lori. Kupima mlango huo, fanya mambo manne. Kwanza, tazama kina cha uchongaji: mchongaji bora hushuka ndani, akaacha kivuli kinachoonekana hata mchana wa jua kali, asiye bora hukwaruza juu. Pili, fuata mnyororo au mmea uliochongwa pembeni mwa miimo tangu chini hadi juu, uone kama vipimo vinabadilika mchongaji anapokaribia mwisho. Aliyekosea hesabu hubana majani ya mwisho. Tatu, tazama pembe ambapo bao la juu linakutana na miimo: je, nakshi zinapokeana au zinagongana? Nne, tazama chini, sentimita chache juu ya ardhi. Mvua, maji ya kudekia na miguu ya watu hula sehemu hiyo kwanza. Mlango unaosemwa ni wa karne moja na nusu, ukawa mzima kabisa hapo chini, ama umekatwa, ama umetiwa kipande, ama umri wake si huo.

Sakafu nayo isisahaulike. Ule mtindo wa miraba mikubwa ya mwaloni iliyolazwa mshazari, unaojulikana kwa jina la Versailles, ulishika katika karne ya 17 kwa sababu ya kikazi: sakafu za marumaru zilikuwa zinaoshwa kwa maji, na maji yalipenya na kuozesha mihimili iliyozibeba. Ndani ya kila mraba vipande vimeungwa kwa ulimi na tundu kama mlango. Tembea polepole na usikilize. Sakafu ya kale hulia kidogo, kwa sauti tofauti toka hatua hadi hatua. Sakafu inayolia sauti moja chumba kizima mara nyingi ni mbao nyembamba zilizogundishwa juu ya saruji.

Dari na upana wa chumba

Inua macho ujiulize: nini kinabeba uzito huu? Lamu jibu liko wazi. Boriti za mikoko hufika karibu mita tatu tu zikiwa bado zina nguvu, kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Kinachoonekana kama mtindo kilianza kama kipimo cha mti. Boriti nzuri zimepangwa kwa nafasi sawa na kuchaguliwa kwa unene sawa. Katika nyumba za wenye uwezo zilipakwa rangi. Nyumba yenye chumba kipana kuliko hapo, inayodai kuwa ya karne ya 18, ina chuma au saruji iliyofichwa juu.

Ufaransa, miti mirefu ya mwaloni iliruhusu kumbi pana, na mihimili iliachwa wazi ikapakwa maua na majina ya wenyewe. Baadaye ikafunikwa kwa lipu na picha. Dari linalofundisha zaidi ni la Vaux-le-Vicomte, jumba ambalo Nicolas Fouquet, waziri wa fedha wa Louis XIV, alilijenga kati ya mwaka 1656 na 1661. Aliwachukua mafundi watatu waliokuwa mbele ya wengine wote: Louis Le Vau kwa ujenzi, Charles Le Brun kwa mapambo, André Le Nôtre kwa bustani. Tarehe 17 Agosti 1661 alimkaribisha mfalme kwa karamu iliyozidi za mfalme mwenyewe. Mwezi uliofuata alikamatwa, akafia gerezani. Mafundi wake walihamia Versailles. Dari la ukumbi wake wa umbo la yai halikupata kamwe picha aliyokuwa ameipanga Le Brun. Simama chini yake ulinganishe na chumba cha jirani kilichokamilika: utaona jinsi ujenzi unavyosimama wenyewe kabla ya pambo. Uwiano wa chumba ukiwa sahihi, dari tupu halikuchoshi.

Vinavyong'aa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndani ya kasri, kinachojitembeza zaidi ni dhahabu. Dhahabu ya kweli hupakwa kwa majani membamba ya mraba, yenye upande wa takriban sentimita 8, juu ya udongo mwekundu. Ukikaribia unaweza kuona mistari hafifu pale majani yanapopandiana, na wekundu kidogo pale palipochubuka kwenye kingo. Rangi ya shaba haina mistari hiyo, na miaka ikipita huwa ya kahawia au kijani. Chumba kilichopakwa dhahabu ya kweli juu ya nakshi dhaifu hakijawa bora, kimekuwa ghali.

Vioo vina umri unaoonekana. Ukumbi wa Vioo wa Versailles, uliojengwa kati ya mwaka 1678 na 1684, una urefu wa mita 73 na vioo 357, kwa sababu viwanda vya wakati huo havikuweza kutoa kioo kimoja kikubwa. Kwa hiyo kioo kikubwa kisicho na kiungo hakiwezi kuwa cha enzi hizo. Vioo vya kale, vilivyopakwa bati na zebaki, ni vya kijivu kidogo na uso ukionekana ndani yake huyumba ukisogea.

Marumaru igeuze kona. Mshipa wa jiwe la kweli hupita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Wa mchoraji hukatika ukingoni, au huanza upya kwa mwelekeo mwingine. Hata hivyo usidharau marumaru ya kuchorwa. Ikiwa imechorwa vizuri ni ufundi kamili, na makasri makubwa yanayo.

Zulia la ukutani lipime kwa nyuma, ukipata nafasi. Lile la Apokalipsi lililoko Angers, lililofumwa mwishoni mwa karne ya 14, lina zaidi ya mita 100 zilizobaki, na upande wake wa nyuma umemalizwa kwa uangalifu sawa na wa mbele. Ni vigumu kupata mfano mkubwa zaidi wa kanuni tuliyoanza nayo: watu waliokaa miaka wakifuma walitengeneza vizuri upande ambao ungeegemezwa ukutani.

Kwetu pambo la kulinganisha nalo ni zidaka za Lamu: safu za vijumba vidogo vya lipu ukutani mwa chumba cha ndani, vilivyowekwa vyombo vya kaure kutoka China na vitabu. Lipu ilichongwa ingali laini, hivyo mkono haukupewa nafasi ya pili. Tazama kama safu za juu ni ndogo kidogo kuliko za chini, na kama kingo za nakshi ni kali au zimezibwa na tabaka nyingi za chokaa ya kila mwaka. Zote mbili ni za kweli, lakini ile yenye kingo zilizolainika ni nyumba iliyotunzwa na watu, na hiyo nayo ni sifa.

Nyasi na gome nazo ni kasri

Atakayekwenda Kampala asiishie kwenye majengo ya mawe. Pale Kasubi, nyumba kuu ya Muzibu Azaala Mpanga ilijengwa mwaka 1882 na Kabaka Muteesa I, ikawa kaburi lake mwaka 1884. Ni nyumba ya mviringo yenye kipenyo cha takriban mita 31, na ndani ya paa kuna pete 52 zinazowakilisha koo za Buganda. Uezekaji ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Iliungua tarehe 16 Machi 2010, ikajengwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Vua viatu, kaa chini, utazame juu. Pete ziwe na unene sawa na nafasi sawa. Nyasi zikatwe ukingoni kwa mstari mmoja. Pazia la gome la mti wa mutuba liwe na rangi ya udongo mwekundu, unene usiobadilika, na viraka vichache vilivyoshonwa kwa utulivu. Fundi wa gome hupiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, na alama za mifereji hiyo zisomeke kwa usawa kama alama za randa. Anayesema hii ni nyumba ya nyasi tu hajawahi kujaribu kuezeka.

Ukarabati: uongo na ukweli

Hakuna jumba la kale lisilokarabatiwa. Swali ni jinsi. Ukarabati mwaminifu huacha kipande kipya kionekane ukikaribia, na kutumia kitu cha jinsi ileile: chokaa kwa chokaa, mwaloni kwa mwaloni, mvule kwa mvule. Ukarabati wa uongo hukifanya kila kitu kuwa cha umri mmoja, king'ae sawasawa, na hapo ndipo shaka ianze.

Kuchelewa nako kuna gharama. Beit el-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash. Ilikuwa na nguzo za chuma, umeme na lifti wakati majirani hawakuwa navyo, na milango mikubwa yenye aya zilizochongwa na kupakwa dhahabu. Ilisimama mizinga ya Waingereza ilipopiga mwaka 1896. Kilichoiangusha ni maji, uzito na miaka: sehemu kubwa ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya kazi za ukarabati, na watu wawili wakafa. Kwa hiyo ukiingia jumba lolote, tazama mifereji ya paa kabla ya kutazama dhahabu. Mwenye jumba anayesafisha mifereji yake anastahili tiketi yako.

Hukumu, na neno kwa wa nyumbani

Ukitaka kufupisha yote: pita jikoni na kwenye ngazi za watumishi, ambako hakuna aliyepambiwa. Huko ngazi ziwe zimelika katikati, milango iwe imeungwa kwa ulimi na tundu vilevile, na ukuta uwe mkavu. Jumba ambalo kazi yake haishuki ukitoka ukumbini ni jumba bora, hata likiwa dogo. Kwa kipimo hicho Cheverny hulishinda Versailles katika vyumba vingi, na nyumba moja ya ukoo kule Lamu huweza kuyapita yote mawili.

Na kipimo hicho kisiishie safarini. Ukiagiza mlango Beni, Butembo au Eringeti, uliza mbao zimekauka kwa muda gani, geuza mlango utazame nyuma, dai ulimi na tundu badala ya misumari, na bao la kati lisigundishwe. Ulipe bei ya kazi hiyo bila kunung'unika, maana seremala hawezi kusubiri mbao zikauke ikiwa mteja anataka mlango wake Jumamosi. Wenye depo za mbao nao wajenge vibanda vya kukaushia kabla ya kupakia malori ya Kasindi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na mbao za kuundia vitu vya kudumu karne tatu, Eringeti inazo tayari.